Je, Waepikureo walikuwa watu wa anasa?

SWALI: Ndugu Mhariri, katika Matendo ya Mitume sura ya 17 wanatajwa Waepikureo waliokutana na Mtume Paulo huko Athens. Nimesikia kwamba chuo chao kilikuwa cha walafi na walevi. Ni kweli? Nao waanzilishi wake ni akina nani? – Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, si kweli, hayo ni maneno ya mahasimu wao, nayo yamedumu kuliko yanavyostahili. Epicurus, mwanafalsafa wa Kigiriki aliyeanzisha chuo hicho, aliyezaliwa katika kisiwa cha Samos mwaka 341 K.K., alifundisha kwanza Mytilene, alikotoka Hermarchus, kisha Lampsacus, walikotoka Metrodorus na Polyaenus, bingwa wa hesabu. Hao wanne ndio waliohesabiwa kuwa nguzo za chuo. Yapata mwaka 306 K.K. Epicurus alihamia Athens, akanunua bustani kwa mina 80 (mina ni kipimo cha fedha cha Wagiriki), na chuo kikaitwa Bustani.

Chakula chao cha kawaida kilikuwa mkate na maji. Katika barua moja Epicurus anamwomba rafiki amletee jibini kidogo, ili siku akitaka kufanya karamu awe nayo. Demetrius, jemadari wa Makedonia, alipouzingira mji wa Athens na njaa ikakaza, Epicurus, kama anavyosimulia Plutarch, mwandishi wa Kigiriki wa zamani, aliwagawia wenzake maharage kwa kuyahesabu moja moja. Mlafi gani huyo?

Lililowaudhi wengi, nionavyo mimi, ni watu aliowakaribisha. Themista alisoma humo pamoja na mumewe Leonteus. Leontion, mwanamke pia, aliandika kitabu cha kumpinga Theophrastus, mkuu wa chuo alichokiacha Aristotle. Na mtumwa Mys alishiriki masomo kama wengine. Hata hivyo hawakuchanganya mali zao, kwa kuwa Epicurus aliona kwamba wanaolazimika kufanya hivyo hawaaminiani, na wasioaminiana si marafiki.

Metrodorus alitangulia kufariki, akaacha watoto wadogo. Epicurus naye alifariki mwaka 270 K.K. kwa ugonjwa wa mawe ya figo. Katika wasia wake alimwachia Hermarchus uongozi, akampa Mys uhuru, akaagiza tarehe 20 ya kila mwezi wakutane kumkumbuka yeye na Metrodorus. Na katika barua aliyoiandika akiwa katika maumivu makali ya siku zake za mwisho, ombi lake kwa rafiki yake Idomeneus lilikuwa moja: awatunze watoto wa Metrodorus.