Maswali na majibu: Chumba cha chini katikati ya meli, au cha juu mbele?

SWALI: Mimi ni mwalimu, naishi Kahawa West. Agosti ijayo mimi na mume wangu tunatimiza miaka 25 ya ndoa, na tumeweka akiba ya safari ya siku saba melini huko Ushelisheli: Mahé, Praslin, La Digue, Curieuse, kisha kurudi. Meli yenyewe ni ndogo, urefu wake mita 44, vyumba 18. Tumepewa vyumba viwili tuchague. Chumba 104 kiko sitaha ya chini, katikati ya meli, kina vidirisha viwili vya duara visivyofunguka. Chumba 301 kiko sitaha ya juu, mbele kabisa, kina dirisha kubwa, lakini bei yake imezidi kwa dola 1,400 kwa sisi wawili. Shida ni kwamba mimi hutapika hata kwenye matatu ya kuteremka Mai Mahiu, naye mume wangu goti lake la kulia halitaki ngazi. Tena nimesikia kuna upande mzuri na upande mbaya, kulia na kushoto. Tuchukue kipi?

JIBU: Mwalimu, hongera sana kwa miaka 25. Kazi ya kupanga safari za aina hii nimeifanya hapa Nairobi kwa miaka kumi na mitano, na kabla ya hapo nilikuwa mhudumu wa vyumba kwenye meli ndogo kama hiyo yenu. Vyumba hivyo nimevitandika, nimevipangusa na nimevilalia. Kwa hiyo nakujibu waziwazi: 301 msikichukue, na 104 msikikubali bado. Kipo chumba cha tatu ambacho hamjaonyeshwa, nitakifikia.

Tuanze na tumbo lako. Watu wa pwani huita mrama ule mwendo wa chombo kinapoyumba baharini, na ndiyo asili ya kusema mambo yamekwenda mrama. Mrama una namna mbili. Kuna wa kulalia ubavu huu kisha ule, na kuna wa omo na tezi, yaani mbele na nyuma ya chombo, kupokezana kupanda na kushuka. Huu wa pili ndio adui yako. Mwili hulevywa zaidi na mwendo wa kupanda na kushuka unaojirudia polepole, kila baada ya sekunde tano hivi, na mawimbi ya bahari wazi huitikisa meli ndogo karibu na kasi hiyohiyo.

Sasa fikiria matatu. Ukikaa siti ya nyuma kabisa, gari likipanda tuta unarushwa kichwa kikakaribia dari. Aliyekaa katikati, baina ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, anahisi kidogo tu. Meli ni hivyohivyo. Chumba 301 kwenye meli ya mita 44 kitakuwa kama mita 16 kutoka katikati. Omo ikiinuka kwa nyuzi 3 tu, ambazo Agosti ni jambo la kawaida, kitanda chenu kinapanda sentimita 84, kisha kinashuka kiasi hichohicho chini ya pale kilipoanzia. Hiyo ni karibu mita 1.7 kutoka chini hadi juu, tena na tena. Chumba kilicho mita 3 kutoka katikati, kwa wimbi lilelile, kinapanda sentimita 16.

Urefu wa kwenda juu nao una gharama yake. Meli ikilala ubavu nyuzi 8, mtu aliye mita 6 juu ya maji anasukumwa zaidi ya sentimita 80 upande mmoja, halafu upande wa pili. Aliye karibu na usawa wa maji hasogei sana. Wazee wa majahazi wana methali, tezi na omo marejeo ni ngamani, na ngama ni ile sehemu ya ndani chini kabisa ya chombo. Wao huisema kwa maana ya maisha, ila mimi kila mteja anaponiuliza habari za kichefuchefu huikumbuka kwa maana yake ya ubao na misumari.

Kwa hesabu hiyo 104 kingeshinda bila ubishi, na kama mngekuwa mnakwenda Aldabra ningekwambia ukilipie leo. Aldabra iko zaidi ya kilomita 1,100 kusini magharibi ya Mahé. Meli ya fundo 10, yaani kama kilomita 18 kwa saa, hukata bahari wazi zaidi ya siku mbili mfululizo kufika huko, usiku na mchana, na kwa safari ile chini katikati ndipo mahali pa mtu mwenye tumbo kama lako. Yenu si hiyo. Kutoka Mahé hadi Praslin ni kama kilomita 45, saa mbili na nusu hivi. Praslin na La Digue zinatazamana, feri ya abiria huvuka kwa dakika kama 15. Curieuse iko jirani kabisa na Praslin. Ukijumlisha, bahari wazi ya kukutesa ni saa chache katika wiki nzima, na nyingi ni za mchana, wakati ambapo hamtakuwa chumbani. Usiku meli itakuwa imetia nanga kwenye ghuba.

Hapo ndipo watu wengi wanapokosea. Wanachagua chumba kwa ajili ya mawimbi au kwa ajili ya dirisha, halafu kinachowanyima usingizi ni kelele.

Nilipoanza kazi nililazwa chumba cha omo, ukuta mmoja na stoo ya mnyororo wa nanga. Saa kumi na moja na nusu alfajiri nahodha aliamua kuhamia ghuba nyingine. Mota ya kuvutia nanga ikaanza kunguruma, kisha pingili za chuma, kila moja nzito kama tofali, zikawa zinapita kwenye bomba lake sentimita chache kutoka kichwani pangu. Ilikuwa kama lori la kokoto linamwaga ndani ya chumba. Glasi ya maji niliyoiweka kwenye kimeza ilitembea yenyewe hadi ukingoni. Nanga ikashushwa tena saa moja baadaye, mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza haikushika. Abiria wa chumba cha mbele hulipia zaidi kwa ajili ya mandhari, na alfajiri ndiye wa kwanza kuamka.

Nyuma nako kuna jenereta. Injini kubwa huzimwa meli ikitia nanga, lakini jenereta haizimwi, maana ndiyo inayoendesha viyoyozi, friji na taa. Isitoshe, meli iliyotia nanga hugeuka yenyewe ikaelekeza omo kwenye upepo, kwa hiyo hewa hupita kutoka mbele kwenda nyuma, na moshi wa dizeli huishia vyumba vya tezi. Mtu anayechafukwa upesi asikae mahali penye harufu ya dizeli, hata bahari iwe shwari kama sahani.

Kwa hiyo, mbele mnyororo, nyuma jenereta. Tumebaki na katikati, na swali lililobaki ni sitaha ipi.

Hapa naingia kwenye goti la mzee. Ngazi za meli ndogo si kama za nyumbani. Ni za mwinuko mkali, vipandio vyembamba, na kushuka ndiko kunakoumiza goti kuliko kupanda. Lifti hamna kwenye meli ya ukubwa huo. Kwa kawaida chumba cha kulia na mahali pa kushukia kwenye boti za ufukweni viko sitaha kuu, ile ya kati. Hesabu naye: kifungua kinywa, boti, chakula cha mchana, kupumzika, boti tena, chakula cha jioni, kulala. Mkiwa 104 ni ngazi ile mara nane hadi kumi kwa siku. Mkiwa 301 ni hivyohivyo, ila upande wa juu. Chini kuna jambo jingine ambalo mchoro hauonyeshi: milango ya kuzuia maji huwa na kizingiti kirefu cha chuma, wakati mwingine kinafika nusu ya muundi, na goti lililochoka hukijua kila siku.

Ndiyo maana nasema waulizeni chumba cha sitaha kuu, katikati. Kwa mpangilio wa namba zao kitaanzia na 2. Kitapanda na kushuka sawa na 104, kwa sababu kiko katikati vilevile, kitayumba ubavuni zaidi yake kidogo tu, na mzee atatembea sakafu moja hadi mezani. Bei itakuwa baina ya hizo mbili. Ombeni mchoro wa sitaha na mtazame ukuta wa pili wa chumba hicho una nini. Ukiwa na jiko au stoo ya vyombo, sahani zitaanza kugongana saa kumi na moja asubuhi. Ukiwa na ukumbi wenye baa, mtalala wakilala wengine. Ukiwa na chumba kingine cha abiria, basi mmepata. Dirisha la sitaha hiyo mara nyingi hufungukia ujia wanaopita watu, kwa hiyo pazia litashushwa jioni. Kwangu hiyo si hasara kubwa: mandhari ya Ushelisheli huyaangalii kutoka kitandani.

Ukikosa kabisa chumba cha kati, chukueni 104 na mzee apange kukaa juu mchana kutwa. Lakini ujue kwamba vidirisha vya duara vya chini bahari ikichafuka hufunikwa kwa kifuniko cha chuma kwa ndani, na chumba kinakuwa giza. Hali hiyo ikikukuta ukiwa macho utazidiwa, kwa sababu sikio la ndani linasema unasogea na macho yanasema umetulia. Chumba cha chini ni cha kulala ukiwa umefumba macho. Ukiwa macho, panda sitaha, simama karibu na katikati, tazama upeo wa bahari.

Kuhusu kulia na kushoto, hilo lisikunyime usingizi. Meli ikitia nanga huzunguka na upepo, leo ufuo uko kulia, kesho kushoto. Tofauti ipo kwenye mivuko tu. Kusi hupiga kutoka kusini mashariki, na Praslin iko kaskazini mashariki ya Mahé, kwa hiyo mkienda, ubavu wa kulia ndio wa joshini, unaopigwa na upepo na rasharasha. Mkirudi, ni wa kushoto. Mnagawana sawa.

Mambo madogo ya kuuliza kwa barua pepe moja: je, mita za mraba walizoandika zinahesabu bafu? Ni kitanda kimoja, au viwili vilivyosogezwa vikaacha ufa katikati? Kimelala kwa urefu wa meli au kimekingama? Mimi hupendelea cha urefu, kwa sababu mrama wa ubavu hukugeuza tu kama mtoto mgongoni, ilhali kilichokingama hukuinulia miguu juu ya kichwa kisha kinyume chake. Kiyoyozi kinarekebishwa ndani ya chumba au kinaongozwa na meli nzima? Na bebeni mabegi laini yanayokunjika, sanduku gumu halina pa kuwekwa.

Sasa niseme neno ambalo hukuniuliza. Agosti kusi iko kwenye nguvu zake. Ukiwa mwalimu una likizo ya Aprili pia, na Aprili ni wakati wa maleleji, kaskazi imekwisha na kusi haijashika, bahari ya visiwa vile hutulia na maji huwa maangavu. Mvua moja mbili zitanyesha, na joto ni kali zaidi. Kama tarehe ya ndoa inaweza kusubiri au kutangulia miezi michache, mwezi utakusaidia kuliko chumba chochote, na kwa Aprili ningewaachia mchague hata kwa uzuri wa dirisha, alimradi si la mbele kabisa. Kama ni lazima Agosti, mwone mfamasia kuhusu dawa ya kichefuchefu, nawe uimeze kabla nanga haijang'olewa. Ukisubiri hadi tumbo lianze, hata kidonge hakitakaa.

Mkishakubaliana, msilipe amana kwa ahadi ya "chumba cha daraja fulani". Namba ya chumba iandikwe kwenye ankara, pamoja na sentensi kwamba hawataibadilisha bila idhini yenu. Na nyote wawili mhakikishe mna cheti cha chanjo ya homa ya manjano, kwa sababu Ushelisheli hukidai kwa wanaotoka Kenya, na huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchanjwa. Wakishakutumia mchoro wa sitaha, nitumie nami. Nikiona ukuta wa pili wa hicho chumba cha kati nitakwambia kama kinafaa.