Muulize Mwalimu: Binti yangu anamaliza hesabu kabla ya wenzake

SWALI: Shikamoo, mwalimu. Binti yangu yuko darasa la nne. Hesabu za kipindi kizima anazimaliza kwa dakika kumi, kisha mwalimu humpa madaftari ya wenzake asahihishe. Siku hizi asubuhi analalamika tumbo, na ni siku zenye hesabu tu. Shuleni kwao amekuja mwalimu mtaalamu wa watoto wenye vipawa, anafika kila Jumanne. Atamsaidiaje hasa? Au niombe arushwe darasa? – Mama mwenye wasiwasi

JIBU: Marahaba, mama. Tumbo mpeleke likapimwe kwanza, ila usishangae ukiambiwa ni zima. Kukaa bure kila siku kunachosha kuliko kazi, na anayesahihisha madaftari ya wenzake hakawii kukosa wa kucheza naye.

Mwaka wangu wa kwanza katika kazi hii nilikuwa na mvulana wa namna hiyo. Kila akimaliza namwongezea hesabu ishirini za aina ileile. Wiki ya tatu akawa hamalizi tena. Nikadhani amechoka, kumbe anazikokotoa upesi kwenye kikaratasi chini ya dawati, kisha anazinakili polepole huku akichungulia wenzake wamefika ya ngapi. Nilikuwa nimemfundisha kujificha.

Ndiyo maana mtaalamu anayeijua kazi yake huanza kwa kupunguza. Atampa jaribio la mada kabla mada haijafundishwa. Anachokijua kinafutwa, asichokijua anajifunza na wenzake. Mimi nina njia fupi zaidi: afanye hesabu tano ngumu kuliko zote katika zoezi, akizipata, zilizobaki amesamehewa.

Muda uliookolewa ndio wenye kazi. Kama darasa liko kwenye mada ya sehemu, yaani robo, theluthi na kadhalika, binti yako asirundikiwe hesabu nyingine za sehemu. Aulizwe kwa nini robo ikigeuzwa desimali inaishia 0.25, ilhali theluthi inakwenda 0.333 bila kukoma. Kisha atafute mwenyewe ni sehemu zenye asili zipi (namba ya chini) zinazokoma na zipi zisizokoma. Hapo atakwama, pengine kwa mara ya kwanza maishani, na huenda akalia. Mtoto asiyezoea kukosa huona kosa moja ni aibu. Mtaalamu akae naye palepale, asimpe jibu.

Wakitaka kumpima akili ndipo wamkubali, sawa, lakini mtihani mmoja usiwe hakimu. Lewis Terman, mwanasaikolojia wa Marekani, alipoanza utafiti wake wa watoto wenye akili nyingi, California, mwaka 1921, vipimo vyake viliwaacha nje William Shockley na Luis Alvarez. Wote wawili baadaye walipata Tuzo ya Nobel ya fizikia.

Kuhusu kurushwa darasa, siwatishi wazazi nalo. Wapo niliowaona wakistawi. Lakini kama alikowaacha wenzake ni kwenye hesabu peke yake, aende darasa la tano kwa kipindi hicho tu, kisha arudi kwa rafiki zake. Naye aulizwe, maana tumezoea kupanga haya watu wazima peke yetu.

Jumanne ijayo nenda shuleni, uwakute mtaalamu na mwalimu wa darasa pamoja. Omba madaftari ya wenzake aondolewe. Halafu waulize: Jumatano, mtaalamu akiwa hayupo, binti yangu atakuwa anafanya nini?