Kichujio gani cha maji nibebe Mlima Kenya?

SWALI: Shikamoo, kaka. Mimi na binamu zangu watatu tunapanda Mlima Kenya mwezi wa pili. Tutaingilia lango la Sirimon na kutokea Chogoria, na mizigo tutabeba wenyewe. Tumeambiwa maji ya chupa hayaruhusiwi mbugani, kwa hiyo tutakunywa ya mito. Dukani Nairobi nimeonyeshwa aina tatu za vichujio: mrija wa kunyonyea, kile cha kubana chenye mfuko laini, na pampu. Mwenye duka anasema vyote ni sawa, bei tu ndiyo tofauti. Ninunue kipi kilicho chepesi? Na nikirudi, kitafaa nyumbani? Maji ya kisima chetu yana chumvi.
Msomaji, Voi

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Nunua cha kubana, tena usitoke dukani bila vidonge vya klorini. Huyo aliyekwambia vyote ni sawa hakukutendea haki.

Uzito usikusumbue sana. Mrija wa LifeStraw hauzidi gramu 60. Kati ya vya kubana, Katadyn BeFree pamoja na mfuko wake ni kama hizo hizo, na Sawyer Squeeze ni gramu 85 hivi. Hizo gramu 25 za ziada hutazihisi mgongoni. Pampu ya kauri ndiyo mzigo, karibu nusu kilo, na ikianguka kwenye jiwe kauri hupasuka. Iache.

Mrija nao unakulazimisha uiname mtoni kila unaposhikwa na kiu. Maji ya kupikia utayapata wapi? Na usiku wa kupanda kilele cha Lenana mtaondoka kambi ya Shipton's saa tisa au saa kumi za usiku, kwenye giza na baridi, huku vidimbwi vya juu vimeganda. Maji ya safari hiyo lazima yawe tayari chupani tangu jioni.

Kati ya vile vya kubana, BeFree hutoa maji haraka zaidi, lakini mdomo wake ni mpana na unaingia kwenye mifuko ya aina yake tu. Mfuko ukitoboka, kichujio kizima umekipoteza. Sawyer inafunga hata kwenye chupa ya kawaida ya soda, ndiyo maana mimi naipendelea. Ila chupa hiyo usiitegemee mlimani: tangu tarehe 5 Juni 2020 Kenya imepiga marufuku plastiki za kutumiwa mara moja kwenye mbuga, misitu na fuo zilizohifadhiwa. Ni amri ninayoiunga mkono kwa moyo wote, maana nimeokota takataka nyingi mno kwenye njia za mlima ule. Basi nunua mfuko wa akiba, na unapokamua usiukabe kwa nguvu zote, kwani huachia kwenye mshono.

Sasa nisikilize vizuri kuhusu baridi, kwa sababu hapa ndipo vichujio vingi vizuri hufia. Ndani yake mna nyuzi zenye uwazi katikati, kama tambi nyembamba, na kuta zake zina vitundu vya mikroni 0.1 hivi. Bakteria wa kipindupindu na wa homa ya matumbo hawapiti, vimelea vya tumboni kama giadia na amiba ndio kabisa. Lakini kichujio kikishalowa, hata ukikung'ute vipi, maji hubaki ndani ya nyuzi. Yakiganda hutanuka na kuzipasua. Hutaona ufa wowote, na maji yataendelea kutoka, tena pengine kwa kasi ya kufurahisha, pamoja na vijidudu vyake. Shipton's iko mita 4,200, na usiku hushuka chini ya sifuri. Kwa hiyo jioni kikung'ute, kitie kwenye mfuko wa nailoni usiovuja, ulale nacho ndani ya begi la kulalia. Alfajiri ya kwenda Lenana kivae ndani ya koti. Kikiganda hata mara moja, kitupe, usikihurumie. Kipya ambacho hakijawahi kuguswa na maji hakidhuriki, basi kijaribu nyumbani ukijua kwamba kuanzia hapo kinahitaji kulindwa.

Kuna kero nyingine ambayo dukani hawaisemi: mfuko laini haujai kwenye kijito chenye kina cha vidole viwili. Midomo yake inashikana, unabaki unauzamisha na kuuinua bure. Beba kikombe cha bati, chota, umimine mfukoni. Kama mvua imenyesha na maji yana tope, yaache yatulie kwenye sufuria, kisha yapitishe kwenye leso iliyokunjwa mara kadhaa kabla hayajafika kwenye kichujio, la sivyo kitaziba. Kitambaa tu kina kazi kubwa. Huko Matlab, Bangladesh, Rita Colwell na wenzake walionyesha mwaka 2003 kwamba kuchuja maji kwa sari kuukuu iliyokunjwa kulipunguza kipindupindu kwa karibu nusu. Kichujio kikianza kuwa kizito, kisukume maji safi kinyumenyume kwa bomba la sindano linalouzwa nacho. Bomba hilo msilisahau Voi.

Vidonge navyo ni kwa ajili ya virusi, kama vya homa ya ini aina ya A, ambavyo ni vidogo kuliko vitundu vile. Hivyo huletwa na kinyesi cha watu, na kwenye kambi watu ni wengi. Teka juu ya kambi, kamwe si chini yake, chuja, kisha tia klorini. Klorini peke yake haimwezi kriptosporidiamu, kimelea kingine cha kuharisha, lakini kichujio humkamata. Soma pakiti kwa makini: kidonge cha Aquatabs cha miligramu 67 ni cha lita 20, na kile cha lita moja ni cha miligramu 8.5. Kawaida husubiriwa dakika 30. Maji ya mlimani ni baridi mno, mimi husubiri saa nzima.

Kuchemsha pia kunafaa, ingawa Shipton's maji huchemka kwenye nyuzi 86 hivi. Yaache yatokote dakika tatu. Tatizo ni gesi. Kila mmoja wenu atahitaji lita tatu au nne kwa siku, na mko wanne. Kwa wingi huo bebeni vichujio viwili, kila kimoja na mtu wake.

Kuhusu nyumbani, chumvi haitoki. Imeyeyuka ndani ya maji, inapita na maji. Floridi ni hivyo hivyo, na dawa za shambani pia. Kama kisima kina wasiwasi wa vijidudu, kitakusaidia, ladha itabaki ile ile. Ukirudi na hutaki kukitumia, pitisha ndani yake maji yenye Jik kidogo isiyo na manukato, kikung'ute, ukianike kivulini siku kadhaa. Siku utakayokitoa tena ukute hakipitishi maji, huenda ni chokaa ya maji yenu magumu: kiloweke kwenye siki nyeupe nusu saa, kisha ukisuuze kwa bomba la sindano.