Seva ya meseji ya ofisi: faiba ikikatika, watu waendelee kuandikiana

Chukua ofisi ya utalii hapa Arusha: mhasibu chumba cha mbele, mtu wa buking chumba cha nyuma, madereva barabara ya Karatu, wote kwenye grupu moja la simu. Faiba ikikatika, mhasibu na mtu wa buking, waliotenganishwa na ukuta tu, hawawezi hata kutumiana orodha ya wageni. Hapo ndipo Prosody, seva ya meseji ya XMPP (lugha ya wazi ya kutumiana meseji), inapofaa, ikikaa ndani ya ofisi yenyewe.

Mashine usinunue. Laptopu kuukuu yenye RAM ya GB 2 inawatosha watu 30, na betri yake ni UPS ya bure kama bado inashika chaji. Kwenye faili la /etc/systemd/logind.conf andika HandleLidSwitch=ignore, la sivyo mtu wa usafi akifunga kifuniko seva inalala. Rauta nayo iwe kwenye UPS. Umeme ukikatika seva itabaki hai, lakini bila Wi-Fi nani ataifikia?

Kwenye Debian 12 (aina ya Linux):

apt install prosody

Mipangilio iko /etc/prosody/prosody.cfg.lua. Weka VirtualHost "chat.jinalako.co.tz" (jina la seva yako), kisha hakikisha moduli za mam (huhifadhi meseji), carbons (huonyesha meseji kwenye vifaa vyote vya mtu) na smacks (huzuia meseji kupotea mtandao ukiyumba) hazina vistari viwili mbele yake, maana vistari hivyo huzima mstari. Kumbukumbu za mam hufutwa baada ya wiki moja usipobadilisha archive_expires_after. Kila mfanyakazi mfungulie akaunti kwa prosodyctl adduser, halafu endesha prosodyctl check. Inasema wazi ulipokosea.

Cheti cha Let's Encrypt, kinacholinda mawasiliano ya simu na seva, huisha baada ya siku 90. Certbot, programu inayokichukua, hukihuisha, ila Prosody haina ruhusa ya kusoma folda ya vyeti vya Certbot, kwa hiyo inaendelea na cha zamani mpaka simu zote zianze kulalamika siku moja. Weka amri hii kwenye deploy-hook ya Certbot (amri inayoendeshwa kila cheti kikihuishwa):

prosodyctl --root cert import /etc/letsencrypt/live

Sasa panapowashinda wengi: DNS, mfumo unaogeuza jina kuwa anwani. Simu hutafuta seva kwa jina, na jina hilo huulizwa nje. Faiba ikikatika jibu haliji, ingawa seva iko mita tano tu. Jina lijibiwe humo humo ndani. Kwa dnsmasq, programu ndogo ya DNS (192.168.10.5 hapa ni anwani ya seva yako):

local=/chat.jinalako.co.tz/
host-record=chat.jinalako.co.tz,192.168.10.5

Mstari wa kwanza usiuache. Bila huo, maswali ya SRV (simu ikiuliza huduma ya meseji iko wapi) bado yanapelekwa nje na simu inasubiri bure. DHCP, inayozipa simu mipangilio ya mtandao, nayo igawe anwani ya dnsmasq peke yake kama DNS, ukiongeza 8.8.8.8 (DNS ya Google) "kwa usalama" umeharibu kila kitu.

Kwa madereva walio nje ya ofisi, angalia anwani ya WAN ya rauta (ile ya upande wa intaneti). Ikianza na 10, au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, huna anwani ya umma, na kufungua poti 5222, ambayo simu huunganishia na seva, hakutasaidia. Omba anwani ya kudumu, au kodi VPS ndogo (seva ya kukodi kwenye intaneti) uiunganishe na ofisi kwa WireGuard (aina ya VPN), PersistentKeepalive ikiwa 25 ili muunganisho usikatike.

Jaribu kwa kuchomoa waya wa faiba saa nne asubuhi, watu wakiwa kazini. Simu moja ikigoma huku nyingine zinaandikiana, fungua mipangilio ya Private DNS ya simu hiyo, inayoifanya ipite DNS ya ofisi. Mara nyingi kuna mtu aliandika humo jina la seva ya kuzuia matangazo.