Kabla hujahesabu hela ya miezi sita

Niliwahi kulipia chumba kimoja mara mbili kwa miezi ileile, na bado nusura vyombo vyangu vitolewe nje. Ilikuwa Tandika, Dar es Salaam, mwaka 2014. Mzee mwenye nyumba, aliyekuwa akikaa chumba cha mbele na kupokea kodi kwa mkono wake, alifariki nikiwa nimebakiza mwezi mmoja. Arobaini haijafika, mwanawe mkubwa akapita mlango kwa mlango na daftari. Tukampa. Nani angekataa? Tulimjua, ndiye aliyesimamia msiba mwanzo hadi mwisho. Nikatoa 360,000, miezi sita ya elfu sitini, akaniandikia risiti kwenye karatasi aliyoichana humo humo daftarini.

Wiki tatu baadaye akaja dada yake kutoka Morogoro na barua ya mahakama. Msimamizi wa mirathi ni yeye, na hela aliyochukua kaka yake haitambui.

Nikaenda serikali ya mtaa na kile kikaratasi changu. Kilikuwa na jina langu na kiasi, basi. Hakikusema chumba gani, miezi ipi, wala nani alishuhudia. Mwenyekiti alikigeuza mbele na nyuma, akanirudishia. "Mwenye sauti ni msimamizi," akasema. "Huyo kaka mdai mwenyewe." Kaka alikuwa ameshaweka hela kwenye bodaboda. Dada mtu hakuwa mbaya, alinikubalia nianze na miezi mitatu, lakini hiyo mitatu niliitafuta kwa kukopa.

Kwa hiyo jambo hili nalisema la kwanza kwa kila anayepanga nyumba za familia: mwenye nyumba akifariki, usimpe mtu kodi mpaka uone barua ya mahakama inayomtaja msimamizi wa mirathi. Ukishaiona, ipige picha. Kama haijatoka, hela iweke pembeni na mwenyekiti wa mtaa ajue kwamba unayo. Wala si lazima ugombane na mtu. Mimi siku hizi ningesema hivi: "Kaka, poleni na msiba. Kodi ninayo, nasubiri mkimaliza mambo ya mirathi mniambie nampa nani."

Baada ya pale nilihama mara tatu, Tabata, Kimara, kisha Tabata tena, na kila nyumba ilikuwa na ugomvi wake. Nikikaa nikakumbuka, karibu ugomvi wote ulitokana na kitu ambacho hatukukitaja siku ya kulipa. Siku ile kila mtu anacheka. Dalali anacheka, mwenye nyumba anakuita mwanangu, wewe una haraka ya kushusha godoro kabla gari ya mizigo haijaongeza bei. Mkataba wenyewe ni ile fomu inayouzwa duka la vifaa vya ofisi: jina, kiasi, tarehe, sahihi. Umeme haumo. Maji hayamo. Choo hakimo. Namna ya kutoka haimo. Na humo ndimo mtakamovunjiana heshima.

Tabata tulikuwa vyumba sita, LUKU moja, yaani mita moja ya umeme wa kulipia kabla. Kila chumba elfu tano, zikiisha tunachanga tena. Mimi nilikuwa na taa moja na chaja ya simu. Jirani wa chumba cha tatu alikuwa na friji kubwa ya kugandishia barafu za kuuza, inanguruma usiku kucha kama daladala iliyoharibika. Nilipolalamika, mama mwenye nyumba akaniambia, "Mwanangu, umeme ni wa wote." Tukanuniana miezi miwili nzima. Kilichotuokoa ni fundi aliyetufungia mita ndogo kila chumba, tukazinunua wenyewe na mama akakubali kutupunguzia kwenye kodi. Barafu zikapanda bei wiki hiyo hiyo. Nilinunua moja kwa makusudi.

Ukiingia nyumba yenye LUKU yake peke yake usidhani umepona. Kodi ya majengo, ile ya serikali, inakatwa humo tangu Agosti 2021, nyumba ya kawaida ilianza na 1,000 kwa mwezi, na tangu 2023 ni 1,500. Hiyo ni kodi ya mwenye nyumba, ila inamkata anayenunua umeme, yaani wewe. Kwa mwaka ni 18,000. Si hela ya kushikana mashati, lakini itaje mapema, iandikwe kwamba mwenye nyumba atakurudishia kwenye kodi ya chumba ya awamu inayofuata. Na nyumba ikiwa imekaa tupu muda mrefu, miezi ile ambayo hakuna aliyenunua umeme inasubiri mnunuzi wa kwanza. Kwa hiyo kabla hujatoa hela ya kodi, omba namba ya mita, nunua umeme kidogo pale pale dalali akiwa amesimama, uone uniti zinazoingia. Dalali atakuona una gubu. Mwache.

Dalali nisimseme sana, ana watoto. Kazi yake ni kukupeleka, na anachukua kodi ya mwezi mmoja, haki yake. Ila kazi hiyo inaisha ukishalipa, kwa hiyo usimuulize yeye maswali ya nyumba, na hela ya kodi usiipitishe mkononi kwake. Rudi peke yako jioni, muda wa magharibi, wapangaji wakiwa wanapika nje. Nunua hata mihogo ya kukaanga pale nje, kisha uliza maji yanatoka siku gani. Ukisikia kicheko kabla ya jibu, umeshajibiwa.

Na choo. Watu wanaona aibu kuuliza choo. Kimara masika moja shimo lilijaa, mwenye nyumba akasema tumelijaza sisi, sisi tukasema shimo ni la nyumba. Wakati tunabishana nani alipie gari la kunyonya, mvua kubwa ikanyesha usiku, na asubuhi tukakuta shimo limetapishwa, maji yanateremka mtaroni kwenda kwa majirani wa bondeni. Hakuna aliyekiri. Mjumbe alikuja amekunja suruali mpaka magotini, na faini ikatuangukia sote. Uliza lilinyonywa lini na nani alilipa. Utazame na mfuniko.

Kuhusu bei yenyewe, wengi bado wanaamini kuna sheria inayomzuia mwenye nyumba kupandisha. Ilikuwepo, ile ya mwaka 1984, ikafutwa mwaka 2005. Sasa kinachokulinda ni maandishi yenu. Kama mkataba hausemi kodi itabadilika lini na utaambiwa miezi mingapi kabla, utaletewa bei mpya siku kodi inaisha, huku mteja mwingine amesimama getini. Andikeni pia notisi ya kutoka, pande zote mbili.

Mambo yakiharibika, mwenye nyumba hana ruhusa ya kukuezulia bati wala kukupigia kufuli vyombo vikiwa ndani, hata kama unadaiwa. Anzia serikali ya mtaa, wengi tunaishia hapo. Ikishindikana nenda Baraza la Kata. Tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 kazi yake ni kuwasuluhisha, halitoi hukumu tena, ila ni lazima mpite hapo kabla ya kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Nenda na mkataba, risiti, na meseji za simu. Meseji usifute hata ukikasirika. Hasa ukikasirika.

Sasa nigeuze upande, maana tangu 2020 na mimi ni mwenye nyumba, kwa maana ya kwamba mimi na mama tuna vyumba viwili vya uani Mbagala. Mpangaji wetu wa pili aliondoka usiku na deni la miezi minne. Tulipofungua chumba, taa hakuna, swichi hakuna, kitasa amekinyofoa, na nje amevunja mfuniko wa simtanki, tangi letu la maji, sijui kwa nini. Mama alikaa kizingitini akasema mpangaji anayecheka sana siku ya kwanza ni wa kumwogopa. Nilimsikiliza huku nikijikumbuka mimi mwenyewe siku ya kwanza Tandika, meno yote nje.

Siku hizi tunaandika kila kilichomo: taa ngapi, kioo kipi kina ufa, kitasa kina funguo ngapi, mita inasoma ngapi. Karatasi mbili, sahihi, moja yake moja yetu, muhuri wa serikali ya mtaa. Mwaka jana alikuja kijana fundi simu, kabla hata sijatoa karatasi yangu yeye ameshatoa simu yake. Akapiga picha mita. Akapiga picha ufa wa ukutani, dari, bawaba za mlango, na zote akanitumia WhatsApp hapo hapo mbele yetu.

Mama akaninong'oneza, "Huyu anakuja kukaa au kutushtaki?"

Nikamwambia amwache. Akanyamaza kidogo, anamtazama anavyoinama kupiga picha sakafu, kisha akamwita: "Mwanangu, piga na mfuniko wa simtanki. Huo ni mpya."