Nguo ya Kubana Baada ya Kufyonzwa Mafuta: Ya Kuangalia Kabla Hujanunua

Watu wakijua nilifanyiwa upasuaji wa kufyonza mafuta, huniuliza maumivu yalikuwaje na makovu yako wapi. Nguo ya kubana hawaiulizii. Lakini chumba cha upasuaji nilikikalia saa chache tu, na nguo hiyo nikaishi nayo wiki baada ya wiki, usiku na mchana. Kama tarehe yako imeshapangwa, ishughulikie sasa. Ukishatoka huko umevimba, na dawa za maumivu zimekulegeza, hutakuwa na subira ya kulinganisha vipimo.

Anza kwa kuelewa kazi yake, kwa sababu ukiielewa hutadanganyika dukani. Kabla ya kufyonza, daktari hujaza eneo husika maji ya chumvi yenye dawa ya ganzi na adrenalini, ambayo hubana mishipa ili damu isipotee sana. Mbinu hiyo ilielezwa mwaka 1987 na daktari wa ngozi wa Marekani, Jeffrey Klein, na ndiyo iliyoufanya upasuaji huu uwe salama zaidi kuliko ulivyokuwa. Mafuta yakishatoka, ngozi inakuwa imeachana na nyama iliyo chini yake, na sehemu ya yale maji bado imo ndani. Nguo hukandamiza ngozi irudi kushikamana, huziba nafasi ambamo majimaji yangejikusanya na kufanya uvimbe unaoitwa seroma, na hupunguza kuvimba. Pia humtuliza mtu: nikiivua nilihisi kiwiliwili kizima kinaning'inia.

Haichongi kiuno. Mafuta yaliyobaki hayatoki kwa kubanwa, na kiuno ulichonacho mwishoni ni kile alichokitengeneza daktari. Kwa hiyo mtu akikuambia uchukue saizi ndogo "ili matokeo yawe mazuri zaidi", mwachie. Vivyo hivyo korseti zenye vyuma au mifupa ya plastiki, zile za kutafutia umbo la nyigu: zinabana mahali pamoja na kuacha pengine, wakati mwili uliotoka kufyonzwa unataka mgandamizo ulio sawasawa kila mahali.

Kuhusu saizi, pima kwa utepe wa kupimia, usikisie kwa saizi ya suruali. Kifua, kiuno, nyonga, na paja kama nalo linahusika. Linganisha na jedwali la mtengenezaji huyohuyo, kwa sababu "M" ya kampuni moja ni "S" ya nyingine. Ukiangukia katikati ya saizi mbili, mimi ningechukua kubwa kwa wiki za mwanzo. Siku zile za kwanza unavimba, na mara nyingi unakuwa mnene kuliko ulivyoingia hospitali, jambo linalokatisha tamaa lakini ni la kawaida. Watengenezaji wengi huzigawa nguo hizi hatua mbili: ya kwanza laini na yenye kuachia kidogo, kwa ajili ya uvimbe na vidonda vibichi, ya pili inabana zaidi, ya kuvaliwa uvimbe ukishashuka, kwa kawaida baada ya wiki 2 au 3. Usinunue ya pili mapema. Hujui utakuwa na kiuno gani wakati huo, na hata mpimaji hajui. Kampuni nyingine huandika nguvu ya mgandamizo kwa milimita za zebaki, kipimo kilekile cha shinikizo la damu. Muulize daktari wako anataka kiwango gani.

Sasa pindo na mishono. Hapa ndipo ningetumia muda mwingi kuliko pengine pote, na ndipo wanunuzi wengi hawaangalii kabisa. Nguo ikiishia katikati ya eneo lililofyonzwa, pindo lake huchora mfereji kwenye nyama iliyovimba, na mfereji huo unaweza kubaki. Inatakiwa ipite mbali na eneo hilo, juu na chini. Waliofanya tumbo na kiuno wanahitaji ya kufika chini ya matiti na kushuka mapajani. Waliofanya mapaja, ipite goti. Mikono, ifike karibu na kiwiko au ipite. Kidevu kina mkanda wake wa kuzunguka kichwa. Wanaume waliopunguzwa kifua huvaa fulana ya kubana. Halafu kaa chini ukiwa umeivaa. Ndiyo, kaa, inama, simama tena. Kama pindo la juu linajikunja na kuwa kamba chini ya matiti, au la pajani linapanda na kujisokota, hiyo si yako hata kama kioo kinaisifu. Kamba ya namna hiyo huzuia damu kurudi, na baada ya upasuaji hutaki damu izubae miguuni. Igeuze ndani nje pia. Mishono minene na zipu isiyo na kitambaa cha kuikinga vitakula ngozi ambayo kwa sehemu imekufa ganzi, na kwa sababu hiyo huenda usihisi malengelenge mpaka uyaone.

Zile zinazoitwa faja mitandaoni, zenye safu kadhaa za vikulabu na zipu juu yake, zina faida moja ya kweli: unahamia safu inayofuata kadiri uvimbe unavyopungua. Kwangu zipu ya ubavuni ilikuwa lazima. Nguo ya kuvuta kutoka miguuni mpaka kifuani, na tumbo lina vidonda, ni adhabu isiyo na kosa.

Na choo. Samahani, lakini lazima tuongee. Hakikisha ina uwazi wa chini, na uwazi huo uwe mpana kweli, maana ule mwembamba kama tundu la kifungo ni mapambo tu. Huwezi kuvua nguo nzima kila ukibanwa na haja ndogo, na daktari amekuambia unywe maji kwa wingi. Ijaribu ukiwa bado mzima.

Aliyehamishiwa mafuta kwenye makalio ana sharti lake: yale makalio yasibanwe, kwa sababu mafuta yaliyopandikizwa yanahitaji damu iyafikie ili yaishi. Atafute iliyoachwa wazi au iliyolegezwa sehemu hiyo, na amsikilize daktari wake kuliko mimi.

Kitambaa ni cha nailoni na spandeksi kwa kawaida, na kipande cha pamba ndani husaidia jasho. Kama mpira hukuwasha, soma lebo uone kama ina lateksi.

Jiandae kwa kuvuja. Saa 24 hadi 48 za mwanzo, maji ya rangi ya pinki hutoka kwenye vitundu ambamo daktari alipitisha mrija wa kufyonzea, na yanatoka mengi kuliko unavyodhani. Tandika kitu kisichopitisha maji kitandani, weka pedi juu ya vitundu ndani ya nguo, na uwe na nguo ya pili ya kubadili hii ikifuliwa. Fua kwa mkono, sabuni laini, maji baridi, uanike kivulini. Dawa ya kung'arisha na joto huua mpira. Madaktari wengine huongeza sponji bapa au ubao laini wa tumbo ndani ya nguo ili mgandamizo usambae. Usijiongezee mwenyewe, kwa sababu sponji iliyokunjika ni tatizo kuliko kukosa sponji.

Mara ya kwanza kuivua ili uoge, usiwe peke yako. Mgandamizo ukiachia ghafla, shinikizo la damu linaweza kushuka na ukaanguka. Mdogo wangu alinikalisha kwanza, akafungua zipu polepole, na hata hivyo nikaona nyota.

Kuhusu muda, utasikia majibu mengi, na yote yametoka kwa madaktari. Wengi husema usiku na mchana kwa wiki 2 hivi, ukiivua kuoga tu, kisha uendelee mpaka wiki ya 4 au ya 6, wengine mpaka ya 8. Utafiti wa kuonyesha muda ulio bora ni mdogo, kwa hiyo kila mmoja anafuata uzoefu wake. Fuata wa aliyekupasua, kwa kuwa yeye ndiye anajua alichofanya ndani.

Kinachobana vibaya hujitambulisha: ganzi mpya au mchomo wa sindano, vidole vya miguu baridi au vilivyobadilika rangi, kushindwa kuvuta pumzi mpaka chini, uvimbe unaojaa nje ya pindo. Ilegeze au uivue, kisha umpigie daktari. Lakini mguu mmoja ukivimba na kuuma, au kifua kikiuma, au pumzi ikikatika hata baada ya kuilegeza, usipoteze muda na zipu: nenda hospitali saa hiyohiyo, kwani huenda ni damu iliyoganda. Homa, wekundu unaosambaa na maumivu yanayozidi badala ya kupungua navyo havisubiri.

Ukirudi kliniki kuangaliwa, nenda umeivaa, tena mwombe nesi aitazame ukiwa umekaa. Mimi alinishusha pindo la pajani kidogo na kunihamishia vikulabu safu ya pili, nikalala vizuri usiku ule.