"Rekodi imefutwa": je, niuze bangi ya tiba?

SWALI: Wakili, nina grini kadi (ukaazi wa kudumu Marekani, si uraia) na naishi Denver, jimbo la Colorado. Mwaka 2014 nilitiwa hatiani kwa kosa kubwa la kuuza bangi, nikamaliza adhabu. Sasa duka la bangi ya tiba linataka kuniajiri. Kuna mtu nilimlipa anisafishie rekodi, anasema imefutwa kabisa. Nianze kazi?

JIBU: Usianze, ndugu yangu. Ungekuwa raia ningekujibu vingine, tena kwa furaha. Aliyefungwa kwa bangi anastahili riziki katika biashara inayowatajirisha wengine leo. New York, leseni za kwanza za maduka ya bangi mwaka 2022 ziliwalenga hasa watu kama hao na jamaa zao.

Kinachonichosha ni hilo neno "imefutwa". Naletewa karatasi ya mahakama imekunjwa vizuri kwenye bahasha, muhuri unang'aa, na mwenyewe anaamini amepona. Jimbo likifunga faili, mwajiri haioni, lakini uhamiaji bado wanaihesabu. Tangu 1996 sheria ya uhamiaji ina tafsiri yake ya hatia, na kufutiwa kwa sababu umemaliza adhabu na umetulia hakuibadilishi. Kinachosaidia ni hukumu kutenguliwa kwa kasoro ya kesi yenyewe, kwa mfano wakili wako hakukuonya kwamba kukiri kosa kungeweza kukufukuzisha nchini. Wajibu huo wa kuonya uliwekwa na Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 2010. Kuutumia ni kazi ya wakili, si ya mjaza fomu.

Na kazi yenyewe ni mtego hata kwa asiye na kesi. Wapiga kura wa Colorado waliruhusu bangi ya tiba mwaka 2000, lakini sheria ya shirikisho ya 1970, yaani ya nchi nzima, ambayo ndiyo uhamiaji wanaifuata, haijaitoa kwenye dawa zinazodhibitiwa. Mwaka 2019, hapo hapo Denver, wahamiaji wawili, mmoja wa El Salvador na mwingine wa Lithuania, walijulikana kunyimwa uraia kwa kuwa waliwahi kuajiriwa kwenye bangi halali ya jimbo. Fomu ya uraia inakuuliza ulikofanya kazi miaka mitano iliyopita, kisha inauliza kama umewahi kuuza dawa za aina hiyo. Ukisema ndiyo, umejishtaki. Ukisema hapana, umedanganya.

Wanaouza "usafishaji wa rekodi" makanisani na kwenye magrupu ya WhatsApp hawayasemi haya. Wameshakula hela yako, na mbele ya jaji wa uhamiaji utasimama peke yako. Usiombe uraia, wala usikate tiketi ya kwenda nyumbani kusalimia, kabla wakili wa uhamiaji hajasoma jalada lako la 2014 ukurasa kwa ukurasa.